Kipimo cha mate kinapogoma: dalili, sababu na cha kufanya

Kazi yangu huanza saa kumi na moja alfajiri, kabla injini ya lori la kwanza haijawashwa. Madereva wa masafa ya Tunduma na Rusumo wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha huduma ya kwanza, kila mmoja na karatasi yake ya safari, nami naita mmoja mmoja. Ni kipimo cha dawa za kulevya: pedi mdomoni, dakika chache, mate kwenye kaseti, yaani kikasha cha plastiki chenye utepe wa kupimia, halafu tunasubiri mistari. Anayepita huona ni kazi nyepesi kuliko zote za yadi. Lakini kaseti hiyo inaweza kumzuia mtu mwenye bangi kichwani asiingie barabarani na tani thelathini mgongoni, na kaseti hiyohiyo ikisomwa vibaya inaweza kumnyima mkate baba wa watoto wanne ambaye hajawahi kugusa kitu.

Ninawaandikia wenzangu walio mezani: wauguzi wa viwandani, maafisa usalama, wasimamizi wa yadi waliokabidhiwa boksi la vipimo na kipeperushi cha ukurasa mmoja. Nimefuata dalili, yaani kile unachokiona mbele yako, kisha kinachoweza kuwa kimeisababisha. Shika jambo moja kabla ya yote. Kumshusha dereva kwenye usukani siku hiyo na kumfukuza kazi ni mambo mawili. La kwanza unaweza kulifanya kwa kaseti. La pili subiri maabara.

Pedi imekaa mdomoni muda mrefu na bado haijajaa

Pedi nyingi zina kidirisha kwenye mpini kinachogeuka rangi, mara nyingi bluu, mate yakishatosha. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, kama mililita moja. Mdomo wenye afya hukifikisha ndani ya dakika chache. Ukifika dakika ya kumi na kidirisha bado cheupe, usimkazie macho mtu huyo kama mwizi. Mdomo umekauka, nawe kazi yako ni kujua kwa nini.

Kuna asubuhi moja siisahau. Aliingia dereva wetu mtu mzima, wa kutegemewa, anayeujua mlima Kitonga kona kwa kona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo mate yamenikimbia, sijui yameenda wapi."

Alikuwa ameibana pedi kwa meno mpaka msuli wa shavu umetuna, macho hayabanduki kwenye saa ya ukutani. Ulimi wake ulikuwa mweupe, mkavu, umepasuka katikati kama udongo wa kiangazi. Nje kwenye benchi vijana walishaanza kunong'ona. Nikamtoa ile pedi, nikafunga mlango, nikamuuliza taratibu kama kuna dawa anazotumia. Akachomoa mfuko wa nailoni: vidonge vya presha, vile vya kukojosha, na Piriton alizonunua jana yake kwa ajili ya mafua. Vyote viwili hukausha mdomo. Baada ya maji na kupumzika alijaza pedi mpya kwa dakika nne, majibu yakawa hasi, akaondoka na mzigo wake. Laiti ningeandika "amekataa kutoa sampuli" kwenye ile fomu, safari yake ingekuwa imeishia pale, maana kanuni za kampuni nyingi zinahesabu kukataa sawa na kukutwa na dawa.

Mbali na dawa za mafua na za kukojosha, amitriptilini hukausha mdomo vilevile, na kisukari, na kulala ukipumua kwa mdomo, na woga wenyewe. Na ndiyo, bangi na amfetamini nazo hukausha. Kiini cha bangi, THC, hugusa tezi zinazotoa mate na kuzipunguzia kasi. Hapo ndipo wasimamizi wengine huteleza wakadai mdomo mkavu ni dalili ya uvutaji. Hauthibitishi chochote. Unaleta ugumu wa kupata sampuli, basi.

La kufanya ni hili. Tupa pedi ya kwanza, usiirudishe mdomoni. Mpe mtu maji ya kawaida, glasi moja, asukutue na kunywa, kisha asubiri dakika kumi bila kuweka kitu kingine mdomoni. Kanuni za Marekani kwa madereva wa malori zinaruhusu maji yasiyozidi aunsi 8, kama mililita 240, na zinampa mtu hadi saa nzima ya kujaribu. Huo ni mwendo wa haki, unaweza kuuiga popote. Mwambie ainamishe kichwa kidogo ili mate yakusanyike mbele, asinyonye pedi wala kuitafuna. Saa ikiisha bila mafanikio, andika kilichotokea kama kilivyotokea na uhamie kwenye mkojo au damu kama utaratibu wenu unaruhusu.

Usimpe chingamu wala pipi ya ndimu ili mate yatoke. Najua inavutia. Lakini mate yanayochochewa kwa kutafuna ni mepesi na asidi yake hupungua, yaani huelekea upande wa besi, kinyume cha asidi. Kokeini, amfetamini na afyuni huingia kwenye mate kwa sababu mate ya kawaida yana asidi zaidi kidogo kuliko damu, zikishavuka hunaswa humo. Ukiyabadilisha mate kwa kutafunisha, dawa hupungua kwenye sampuli na anayestahili kushikwa anapita.

Mwezi wa Ramadhani upange mapema. Aliyefunga huwezi kumpa maji, na wapo wasioridhia kuweka pedi yenye dawa mdomoni mchana. Sisi huwapima wa namna hiyo kabla ya alfajiri kuingia au baada ya futari, na hakuna safari iliyowahi kuharibika kwa sababu hiyo.

Mstari wa C haujatokea

Kaseti nyingi zina herufi C, mstari wa kuhakiki kwamba kifaa chenyewe kinafanya kazi. Usipotokea, hakuna majibu. Si chanya, si hasi, hata kama mistari mingine inaonekana vizuri kama imechorwa kwa rula. Nimemwona mtu akisoma mistari ya chini na kuipuuza C kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hiyo ni sawa na kusoma mizani iliyovunjika sindano.

Sababu ya kwanza kuitazama ni mate machache au mazito. Mate yenye povu, au yaliyochanganyika na makohozi, hukwama mwanzoni mwa utepe na hayapandi. Inamisha macho uone: sehemu ya juu ya utepe ikibaki kavu na nyeupe kabisa, majimaji hayakufika. Chukua sampuli nyingine kwa kaseti nyingine.

Sababu ya pili ni unyevu. Kaseti huja kwenye mfuko wa foili wenye kipakiti kidogo cha kukausha. Ukiifungua mapema ili "kuokoa muda", ukapanga kumi mezani, hewa ya pwani inazila kabla hujaanza. Fungua mtu akiwa amekaa mbele yako, naye aone foili ikichanika.

Sababu ya tatu ni joto, na hii ndiyo inayotuumiza zaidi huku kwetu. Soma pembeni ya boksi lako. Nyingi zimeandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30 za selsiasi. Sasa fikiria ofisi iliyotengenezwa kwa kontena, Dar es Salaam, mwezi wa Februari, feni imezimwa usiku kucha. Au boksi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari la usalama juani. Kingamwili zilizopakwa kwenye utepe ni protini, nazo huharibika kwa joto, isipokuwa yai ukiliona limeiva unajua limeiva, utepe hauonyeshi. Tulinunua kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo tukakitundika juu ya kabati la vipimo. Wiki ya kwanza tu kilituhamisha: vipimo vikaenda chumba chenye kiyoyozi.

C ikikosekana mara mbili mfululizo, simamisha boksi zima. Andika namba ya toleo, fungua boksi la toleo jingine. Na kila ninapofungua boksi jipya, kaseti ya kwanza naijaribu kwa mate yangu mwenyewe. Inagharimu kaseti moja, lakini inaniambia kama C na mistari yote inatokea inavyopaswa kwa mtu asiye na dawa.

Mstari umetokea lakini ni hafifu

Hapa pana kosa kubwa kuliko yote, na chanzo chake ni uzoefu wetu mzuri wa malaria. Kila aliyepita zahanati anajua kipimo cha haraka cha malaria: mistari miwili, unaumwa; mmoja, huna. Ujauzito vilevile. Mikono yetu na macho yetu yamezoea kwamba mstari ukitokea, kitu kimepatikana.

Kaseti nyingi za dawa za kulevya hufanya kinyume. Kwenye utepe kumepakwa dawa yenyewe kidogo, na majimaji yanabeba kingamwili zenye rangi. Mate yakiwa hayana dawa, kingamwili huenda kushika ile iliyopakwa, na mstari unachorwa. Mate yakiwa na dawa ya kutosha, dawa hiyo inaziwahi kingamwili njiani, zinafika kwenye utepe mikono imejaa, na mstari hauchorwi. Kwa hiyo mstari ukiwepo, hakuna dawa. Mstari usipokuwepo, chanya.

Na mstari hafifu ni mstari. Hata ukiwa kama alama ya penseli iliyofutwa, ilimradi unaonekana kuvuka dirisha, majibu ni hasi. Haumaanishi "kavuta kidogo". Wino wa mstari wa bangi na ule wa kokeini haulingani unene tangu kiwandani. Nimeshuhudia yadi ya jirani ikimweka mtu nyumbani siku tatu kwa mstari hafifu, kwa sababu aliyesoma alitoka kufanya kazi ya malaria na hakuambiwa kitu. Hakuwa mtu mbaya. Hakufundishwa.

Kuna vifaa vichache, hasa vya polisi wa barabarani Ulaya, ambavyo mstari ukitokea ndiyo chanya. Kwa hiyo mkibadilisha aina ya kifaa, kaeni chini wote mnaopima msome kipeperushi kwa sauti kabla ya kumpima mtu wa kwanza.

Muda nao una neno lake. Kaseti ina dakika zake za kusomwa, na ina dakika ambazo baada yake hairuhusiwi kusomwa tena. Utepe ukikauka, mistari huweza kujitokeza au kufifia. Weka saa ya kengele. Na usiitunze kaseti droo ya mezani eti ni ushahidi. Piga picha ndani ya muda, yenye jina la fomu na saa pembeni.

Mdomo wa mtu una rangi, au ametoka kula

Tambuu, ugoro, kahawa chungu, pipi kifua. Rangi nyekundu ya tambuu inaweza kupanda na majimaji na kuficha mistari, na chochote kilichopo mdomoni kinapunguza au kuharibu sampuli. Angalia mdomo kwanza, chini ya ulimi na kwenye mashavu, kwa tochi ndogo. Asukutue kwa maji, muda wa dakika kumi uanze upya. Ni hapo pia utakapogundua kipande cha pamba au tembe iliyofichwa na mtu anayetaka kuchezea kipimo. Kuchezea mate ni kugumu kuliko kuchezea mkojo, kwa kuwa unamwona mtu uso kwa uso tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayelazimika kumsindikiza mwenzake chooni. Kwa utu wa watu, hiyo peke yake inanitosha kuupendelea.

Majibu ni chanya na mtu anaapa hajagusa kitu

Msikilize. Simaanishi umwamini hapohapo wala umpe funguo za lori. Hatoki yadini na gari siku hiyo. Lakini msikilize faraghani, kwa sababu sababu zisizo za ulevi zipo na zinajulikana.

Kaseti haiitambui dawa kwa jina lake. Inatambua umbo. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini au efedrini zina umbo linalokaribiana na la amfetamini, na kwenye baadhi ya vifaa huchanganywa. Sharubati ya kikohozi yenye kodeini itaonyesha afyuni, na hilo wala si kosa la kifaa: kodeini ni ya ukoo wa afyuni, na sehemu yake hugeuka mofini mwilini. Maabara ndiyo inayotenganisha, maana heroini huacha alama yake pekee, iitwayo kwa ufupi 6-AM, ambayo kodeini haiwezi kuitengeneza.

Kuna jambo ambalo kila mpimaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua. Efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iliyotumika sana kwetu kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake, imewahi kuleta majibu ya uongo ya bangi kwenye baadhi ya vipimo vya mkojo. Hiyo ni habari ya mkojo, na kaseti yako ya mate huenda isifanye hivyo; kipeperushi chake kitataja dawa zilizojaribiwa. Ninaitaja kwa sababu ya swali. Ukimuuliza dereva "unatumia dawa gani?" mbele ya msimamizi wake, unaweza kuwa unamlazimisha achague kati ya kazi yake na siri yake. Swali hilo liulizwe na mtu wa afya, mlango umefungwa, na jibu lisiandikwe kwenye fomu inayokwenda ofisi ya usafirishaji. Msimamizi anahitaji kujua neno moja tu: anaendesha au haendeshi.

Je, moshi wa wengine? Wapo wanaosema, "Utingo wangu ndiye aliyekuwa anavuta." THC inayoonekana kwenye mate hutoka zaidi kwenye moshi ulioganda mdomoni kuliko kwenye damu, kwa hiyo dai hilo si la kuchekwa. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwafungia watu ndani ya gari pamoja na wavutaji. Mate yaliyochukuliwa humohumo ndani yalionyesha THC kwa muda mfupi, na walipobadilisha utaratibu wakachukua sampuli nje ya gari, nyingi ya shida hiyo ilitoweka; sehemu ya uchafu ilikuwa ikiingia kwenye pedi zenyewe. Funzo kwa mpimaji liko wazi: usichukue mate ndani ya kabini ya lori, wala karibu na mahali watu wanapovutia. Mlete mtu mezani, anawe mikono, akae.

Baada ya mazungumzo, sampuli ya pili kwa ajili ya maabara ichukuliwe palepale, igawanywe chupa mbili, zifungwe mbele yake, naye atie sahihi juu ya lakiri. Chupa moja ikipimwa, ya pili inabaki kuwa kinga yake. Maabara hutumia mashine inayopima uzito wa molekuli moja moja, ambayo haidanganywi na umbo. Uliza mapema maabara yenu kama inapokea mate. Nyingi zimezoea mkojo na damu, na hutaki kugundua hilo mkiwa na chupa mkononi.

Anayeona huu ni urasimu akumbuke jimbo la Victoria, Australia. Desemba 2004 polisi wa huko walianza kupima mate ya madereva barabarani bila kubagua, wa kwanza duniani kufanya hivyo. Dereva wa kwanza kabisa aliyetangazwa kuwa chanya alionyeshwa mbele ya kamera za habari siku ileile. Maabara ilipopima, haikuthibitisha. Uso wake ulikuwa umeshafika kila sebule. Mradi uliendelea na umekua, na leo ni sehemu ya kawaida ya usalama barabarani nchini kwao, lakini mtu yule hakuna aliyeweza kumrudishia siku ile.

Uingereza walipoweka viwango vyao vipya tarehe 2 Machi 2015, walifuata njia ya tahadhari: mate ya barabarani yanachuja bangi na kokeini tu, na kesi inasimama juu ya damu iliyopimwa maabara. Marekani nao, wizara ya usafirishaji iliporuhusu mate kwa madereva wa malori kwa kanuni iliyoanza tarehe 1 Juni 2023, ilidai kwanza zipatikane maabara mbili zilizothibitishwa na serikali, moja ya kupima na nyingine ya kurudia ile chupa ya pili. Ndugu zetu wanaoendesha malori huko wanalijua hilo vizuri. Kanuni kuwepo kwenye karatasi hakukutosha kuwatoa kwenye kikombe cha mkojo.

Majibu ni hasi, lakini mtu hayuko sawa

Macho mekundu, maneno yanaburuzika, anayumba akishuka ngazi. Kaseti inasema hana kitu. Wengi wanashusha pumzi hapa na kumruhusu. Usimruhusu. Kaseti hujibu swali ililoulizwa tu.

Huenda haikuulizwa juu ya dawa aliyotumia. Miraa ni mfano wa karibu. Kiini chake ni kathinoni, na kaseti nyingi za kawaida hazina utepe wake. Mtu anaweza kuwa ametafuna usiku kucha kutoka Meru hadi Namanga akapita hasi kabisa. Kenya ni zao halali, Tanzania mirungi ni marufuku, na lori ni lilelile; kwa usalama wa barabara, dereva ambaye hajalala siku mbili ni hatari pande zote za mpaka. Tramado, ile dawa kali ya maumivu, nayo huponyoka, kwa sababu utepe wa afyuni umetengenezwa kwa ajili ya mofini. Valiamu na ndugu zake, dawa za kutuliza na usingizi, hushikamana sana na protini za damu, kinachovuka kuingia kwenye mate ni kidogo mno. Pombe haimo kabisa, labda kaseti iwe na kidirisha chake. Hiyo ni kazi ya kifaa cha kupuliza.

Au ni suala la kizingiti, yaani kiwango ambacho kaseti huanzia kushika. Kanuni za kazi za serikali ya Marekani zinataka THC ishikwe kuanzia nanogramu 4 kwa mililita kwenye mchujo, na 2 kwenye uthibitisho. Sokoni utakuta kaseti za bei ndogo zinazoanzia 25, 40 au hata 50. Zote zimeandikwa "kipimo cha bangi" juu ya boksi. Anayenunua kwa kuangalia bei peke yake ananunua wavu wenye matundu makubwa, halafu anashangaa samaki wanapita. Ukikabidhiwa boksi, tafuta hizo namba kabla ya kitu kingine.

Muda nao. Mate yanaeleza saa zilizopita, si wiki. THC hupanda sana mara baada ya kuvuta kisha hushuka ndani ya saa chache, ingawa kwa mvutaji wa kila siku inaweza kukaa zaidi ya siku moja. Mkojo unaweza kuonyesha bangi ya wiki kadhaa nyuma. Ndiyo sababu mate yanafaa zaidi kwa swali letu la alfajiri, nalo ni kama mtu amevuta karibuni. Hata hivyo, hata chanya yenyewe haisemi amelewa kiasi gani. Inasema dawa ipo mdomoni.

Na huenda si dawa kabisa. Sukari iliyoshuka hufanana na ulevi. Malaria ya kichwa, kiharusi kinachoanza, kukosa usingizi siku tatu. Mtu anayeyumba na kaseti yake hasi anahitaji muuguzi kabla ya afisa usalama. Mpime sukari kwa tone la kidole, presha, joto la mwili. Mwombe atabasamu, ainue mikono yote miwili. Dakika mbili hizo zimewahi kumpeleka mtu hospitali akiwa bado anaongea.

Kaseti ilisema chanya, maabara imesema hasi

Mara nyingine kaseti ilichanganya umbo, kama nilivyoeleza. Mara nyingine dawa ilikuwepo na imepotea njiani: THC hupenda kunata kwenye pedi na kwenye plastiki, na sampuli isiyowekwa kwenye majimaji yake ya kuhifadhi, au iliyozunguka siku nne kwenye bahasha juani, inafika maabara ikiwa pungufu. Mara nyingine ni lebo. Madereva wawili wenye jina moja la baba, chupa mbili mezani kwa wakati mmoja, na mkono uliochoka. Kwa hiyo mtu mmoja, meza moja, lebo inabandikwa kabla mwingine hajaitwa.

Ukitafuta chanzo, tafuta kwa ajili ya kesho. Kwa dereva huyu majibu ni yale ya maabara. Muite siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu. Mwambie mwenyewe, si kupitia kwa utingo wake. Siku alizokaa nyumbani zilipwe kama siku za kazi, na ile karatasi ya mchujo itoke kwenye faili lake. Kwetu tumekubaliana na ofisi kwamba mpimaji ndiye anayekwenda kuitoa, kwa mkono wake, na mwenye faili akiwa amesimama pale anaona.